Gazi: Ghuba ndogo iliyobeba mambo makubwa

Ukiwauliza wakazi wengi wa Nairobi, Nakuru au Eldoret watakutajia nini wanachokijua kuhusu pwani ya kusini ya Kenya, jibu halitakawia: Diani, mchanga mweupe, hoteli na ngamia wa kupandwa na watoto. Basi linapovuka Ukunda na kuendelea kusini kuelekea Msambweni, abiria wengi huanza kusinzia. Hawana habari kwamba mwendo mfupi tu mbele yao, upande wa kushoto, kuna kibao kidogo cha barabarani kinachoonyesha njia ya kuingia mahali ambapo meli za kivita za Uingereza ziliwahi kutia nanga kumtafuta mtu mmoja.

Mahali hapo panaitwa Gazi. Ni kijiji kilichokaa ukingoni mwa ghuba ndogo, katika Kaunti ya Kwale, kilomita 50 hivi kusini mwa Mombasa. Hakina jumba la ghorofa wala soko la kutisha. Kina minazi, nyumba za udongo na za mawe, misikiti, watoto wengi wachangamfu, na nyuma ya hayo yote, msitu mzito wa mikoko unaosimama majini kama jeshi lililoamriwa kulinda zamu.

Msomaji mpenzi, makala ya leo yatakutembeza Gazi. Tutaitazama ghuba yenyewe ilivyoumbwa, tutamkumbuka shehe aliyewatoa jasho masultani na Waingereza, kisha tutaona jinsi wanakijiji wa leo wanavyokula kutokana na miti ambayo hawaikati. Wahenga walisema mdharau biu hubiuka. Usiidharau Gazi kwa udogo wake.

UMBO LA GHUBA

Ukiipata ramani ya pwani yetu, tazama kusini mwa Diani. Utaona ulimi wa ardhi umechomoza na kuteremka kuelekea kusini. Hiyo ni rasi ya Chale, na karibu nayo kuna kisiwa kidogo chenye jina lilo hilo. Rasi hii ndiyo ukuta wa Gazi upande wa mashariki. Bahari kuu inapovuma na kutupa mawimbi, kwanza hukutana na mwamba wa matumbawe ulioko nje, kisha rasi na kisiwa, na kinachosalia kuingia ndani ya ghuba ni maji yaliyokwisha kupoa hasira.

Kwa sababu hiyo maji ya Gazi ni matulivu na ya kina kifupi. Kwa wastani kina chake hakifiki meta tano. Sakafu yake imetandikwa nyasi za baharini, na wataalamu wamehesabu humo aina 12 za nyasi hizo. Usizidharau. Hapo ndipo samaki kama tafi hula, na ndipo kamba na vitoto vya samaki wa aina nyingi hujificha mpaka wapate nguvu ya kukabiliana na dunia.

Upande wa bara mito miwili huleta maji baridi kutoka milima ya Shimba. Mto Kidogoweni huingilia kaskazini magharibi, na Mto Mkurumudzi huingilia kusini magharibi. Mito hii huteremka na tope la milimani, na tope hilo, likikutana na maji ya chumvi yaliyotulia, hukaa chini. Karne baada ya karne limejilimbikiza. Tope, maji baridi, maji ya chumvi na utulivu: hivyo vinne ndivyo mkoko unavyovitaka ili uishi raha mustarehe. Kwa hivyo msitu wa Gazi haukuja kwa bahati nasibu. Umbo la nchi ndilo lililouita.

BAMVUA NA MAJI MAFU

Mtu wa bara anapofika pwani mara ya kwanza hudhani bahari ni ziwa, kwamba maji yako pale pale saa zote. Akifika Gazi asubuhi moja ataona maji yamejaa mpaka kwenye shina za miti. Akirudi baada ya saa sita hivi, ataona uwanja mpana wa matope, madau yamelala ubavu, na kina mama wakitembea kwa miguu pale palipokuwa na kina.

Wenyeji wana lugha yao ya mambo haya, na ni lugha ambayo kila mtoto wa shule angefaa kuijua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hujaa kidogo na kupwa kidogo. Hayo huitwa maji mafu. Katika siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa kwenye pwani yetu huweza kukaribia meta nne, sawa na urefu wa nyumba.

Tena kuna kanuni isiyohitaji saa ya mkononi. Siku za bamvua kubwa maji hujaa yapata saa kumi, za alfajiri na za jioni, na hupwa yapata saa nne, za asubuhi na za usiku. Mvuvi akitazama mwezi jioni anajua kesho atoke saa ngapi. Pepo nazo zina zamu yao. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba hadi Machi, bahari ikawa ya kiungwana. Kusi huingia Aprili na kukaa hadi Oktoba, na kali yake huifunga bahari ya nje kwa wenye vyombo vidogo. Ni katika miezi hiyo ya kusi ambapo ghuba iliyokingwa kama Gazi huwa ngao ya jamii: mvuvi maskini asiyeweza kuvuka mwamba bado anapata kitoweo cha watoto humu ndani.

MSITU WENYE MAJINA TISA

Watu wengi wa mjini husema "mikoko" wakadhani ni mti wa aina moja. La hasha! Msitu wa Gazi una aina tisa za miti ya namna hii, zile zile zinazohesabiwa katika pwani nzima ya Kenya, na kila moja ina jina lake la Kiswahili. Kuna mkoko wenyewe, mchu, mlilana, mshinzi ambao wengine huuita muia, mkandaa, kikandaa, mkomafi, mkomafi dume na msikundazi. Umepata wapi lugha yenye utajiri wa namna hiyo kwa miti ya matopeni?

Kila mti una kazi yake. Mlilana, unaosimama mbele kabisa kuikabili bahari, hutoa mataruma ya kuundia vyombo. Msikundazi hupendwa kwa milingoti. Mkandaa una magome yenye rangi ya kutilia ngozi. Mkoko na mshinzi ndiyo miti ya ujenzi, na mafundi wa pwani hawasemi "gogo" tu. Wao huanza na fito iliyo nyembamba, kisha pau, kisha boriti, kisha nguzo, na juu ya hizo banaa. Kwa karne nyingi majahazi yaliondoka pwani ya Afrika Mashariki kwa upepo wa kusi yakiwa na shehena za boriti kwenda Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti ya kuezekea ilikuwa adimu. Biashara hiyo ya nje ilipigwa marufuku na serikali ya Kenya mwaka 1982.

Mti huu huishije katika chumvi na tope lisilo na hewa? Kila aina ina hila yake. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, yenye vitundu vya kuvutia hewa maji yanapopwa. Mchu hutoa mizizi midogo midogo inayochomoza juu ya tope kama penseli zilizopandwa, nayo ndiyo pua zake. Lamba jani la mchu utaonja chumvi, kwa kuwa mti huo huitoa chumvi kupitia majani. Na mkoko haudondoshi mbegu kavu kama muhindi. Mbegu yake huota ingali imeshikwa na mama yake, ikawa mche mrefu wa kijani kama mkuki. Ukianguka, ama huchoma tope na kuanza maisha papo hapo, ama huelea na kusafiri na mkondo mpaka upate pwani yake.

SHEHE WA GAZI

Sasa tuache miti, tuje kwa watu. Ili umwelewe mtu aliyeifanya Gazi ijulikane mpaka London, yafaa turudi Mombasa.

Baada ya Wareno kufukuzwa kutoka Fort Jesus mwaka 1698, Waomani waliweka maliwali wao Mombasa. Katika karne iliyofuata cheo hicho kilishikwa na ukoo wa Mazrui, ambao hatimaye ulijitawala na kukataa kuutii ukoo wa Busaidi ulioshika madaraka Oman. Uhasama huo ulidumu miaka mingi. Mwaka 1837 Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, aliitwaa Mombasa. Liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, alikamatwa pamoja na jamaa zake wengi, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas, wala hawakurudi.

Waliosalimika waligawanyika mafungu mawili. Fungu moja lilikwenda kaskazini na kufanya makao Takaungu, karibu na Kilifi. La pili lilishika njia ya kusini na kujikita hapa Gazi. Ukitazama tena umbo la ghuba utaelewa. Palikuwa na maji matulivu ya vyombo vyao, mwamba na rasi ya kuwakinga na manowari za Sultani, mashamba yenye rutuba nyuma yao, na vilima vya Shimba vya kukimbilia mambo yakiharibika.

Katika mikono ya fungu hili alikua Mbaruk bin Rashid, mwana wa yule liwali aliyepotezwa. Mtoto aliyenyang'anywa baba na mji hana usingizi. Alipopata uongozi wa Gazi, Shehe Mbaruk alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwapinga masultani wa Unguja. Mara aliasi, mara alipatana nao, mara aliasi tena. Ngome yake ya vita haikuwa pwani bali bara, mahali paitwapo Mwele, ndani ya misitu ya vilima. Mwaka 1882 majeshi ya Sultani yaliyoongozwa na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa jemadari wa Unguja, yaliizingira Mwele na kuingia, lakini Mbaruk mwenyewe aliponyoka.

Hapa inafaa tuseme ukweli wote, maana historia si shairi la harusi. Mbaruk alikuwa shujaa kwa waliomfuata, na wapo wanaomhesabu miongoni mwa Wakenya wa kwanza kuupinga ukoloni kwa silaha. Lakini mashamba ya wakubwa wa zama hizo yalilimwa na watumwa, na Gazi haikuwa tofauti. Katika pwani ya Kenya utumwa haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907. Mzazi anayemleta mwanawe hapa amweleze mambo yote mawili. Mtu anaweza kupigania uhuru wake huku ameushika wa mwingine.

MANOWARI MBELE YA KIJIJI

Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza, Imperial British East Africa Company, ilipata kibali cha kutawala ukanda wa pwani kwa niaba ya Sultani wa Unguja. Kampuni iliona heri kumtuliza Mbaruk kuliko kupigana naye, ikawa inamlipa posho. Amani hiyo ilivunjika mwaka 1895.

Kisa kilianzia Takaungu. Shehe wa huko alifariki mapema mwaka huo, na Waingereza wakamuunga mkono mrithi waliyemtaka wao. Mwenzake aliyejiona na haki zaidi, naye pia akiitwa Mbaruk, alikataa, akashika silaha, kisha akakimbilia kusini kwa jamaa yake wa Gazi. Shehe Mbaruk bin Rashid, ambaye wakati huo alikuwa mtu mzima wa makamo ya uzee, alitakiwa amtoe mgeni wake. Mwenye kujua mila za pwani anaelewa uzito wa jambo hilo. Kumtoa ndugu aliyekuja kujisitiri kwako ni aibu isiyooshwa na mvua saba.

Wakati huo huo serikali ya Uingereza yenyewe ilikuwa inachukua nchi kutoka mikononi mwa kampuni. Himaya ya Afrika Mashariki ilitangazwa rasmi tarehe 1 Julai 1895. Hivyo vita vya Gazi vikawa miongoni mwa vita vya kwanza vya serikali ya kikoloni katika nchi tunayoiita Kenya leo. Askari waliteremshwa kutoka manowari za Admeri Harry Rawson, Gazi ikashikwa, na tarehe 17 Agosti 1895 Mwele nayo ikaanguka. Uingereza iliwapa nishani askari walioshiriki, na neno "Mwele" likachorwa kwenye ukingo wa nishani hizo. Rawson ndiye yule yule aliyeipiga mizinga Unguja tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyomalizika chini ya saa moja.

Hata hivyo Mbaruk hakukamatwa. Yeye na wafuasi wake walipigana vita vya kuvizia katika ukanda wote wa pwani, mpaka Waingereza wakalazimika kuleta kikosi zaidi kutoka India. Mwezi Aprili 1896, akiwa amebanwa kila upande, alivuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani, akajisalimisha kwa gavana wao, Hermann von Wissmann. Aliishi uhamishoni Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910. Baba alikufa mbali na kwao, na mwana vivyo hivyo.

Nyumba yake ya mawe ingali inaonyeshwa kijijini Gazi. Kuta nene na vyumba vyake virefu vyembamba ni ushahidi wa ujenzi wa boriti, kwani upana wa chumba cha kale cha Mswahili hupimwa na urefu wa mti unaobeba dari. Miti hiyo ndiyo hii hii ya ghubani.

SHOKA LA MIAKA YA SABINI

Baada ya vita Gazi ilisahauliwa. Mombasa ilipata reli na bandari, Diani ikapata hoteli, Gazi ikabaki na minazi na nyavu zake. Lakini katika miaka ya 1970 viwanda viligundua kwamba kuni za mikoko zina moto mkali. Tanuri za chokaa na za matofali zilitaka kuni, na msitu wa Gazi ulikuwa karibu. Shoka likalia mchana kutwa.

Sehemu kubwa ya ukingo wa ghuba ilibaki mtupu. Kwa kawaida msitu uliokatwa bara huchipua, lakini mkoko mkubwa ukikatwa shina hauchipui kwa urahisi kama mkaratusi. Isitoshe, palipokosa miti palikosa kivuli na mizizi ya kushika miche inayoelea. Tope likafunikwa na mchanga, mchanga ukahama na mawimbi, na kila miche ilipoanguka maji yakaichukua. Wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kuona hasara. Mahali pa kuzalia samaki palipotea, na kitoweo kikapungua.

Mwaka 1991 watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, ambayo ina kituo chake hapa Gazi, walianza kujaribu kupanda mikoko upya pamoja na wanakijiji. Miongoni mwao alikuwa James Kairo, ambaye sasa ni mmoja wa wataalamu mashuhuri wa mikoko duniani. Ilibidi kujua mti upi unafaa wapi. Ukipanda mkandaa mahali pa mlilana, maji yatauua. Ukipanda mlilana mahali pa mkandaa, jua litauua. Kidogo kidogo, maana haba na haba hujaza kibaba, ukingo uliokuwa jangwa la mchanga ukaanza kuwa kijani. Leo msitu wote wa ghuba una zaidi ya hekta 600, sawa na viwanja 800 hivi vya mpira.

KULA BILA KUKATA

Hapa ndipo Gazi ilipoingia tena katika habari za dunia, safari hii bila manowari. Mwaka 2013 wakazi wa Gazi na wa kijiji jirani cha Makongeni walianzisha mradi uitwao Mikoko Pamoja. Ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa kijamii kulinda mikoko kwa fedha za kuuza hewa ya kaboni.

Biashara hii huwatatiza wengi, basi tuieleze polepole. Magari na viwanda hutoa hewa ya kaboni inayozidisha joto la dunia. Miti huivuta hewa hiyo na kuigeuza kuwa shina, majani na mizizi. Mkoko una ziada: majani na mizizi yake ikifa huzikwa katika tope lisilo na hewa, isioze upesi, na kaboni ikafungiwa humo kwa mamia ya miaka. Ukikata msitu na kulifukua tope, hazina yote hurudi angani. Basi watu na makampuni ya ng'ambo wanaotaka kufidia uchafu wao hulipa kijiji ili msitu usikatwe na mwingine upandwe.

Mradi ulianza na hekta 117 tu, na hesabu yake ni tani 3,000 hivi za hewa ya kaboni kwa mwaka. Fedha zake si za kumtajirisha mtu. Katika miaka ya mwanzo zilikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka. Lakini katika vijiji viwili vidogo fedha hizo zina sauti. Zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule, na kurekebisha majengo ya wanafunzi. Wanakijiji wenyewe ndio wanaokaa barazani kuamua zitumike kwa lipi. Ili watu wasikose kuni na miti ya kujengea, mivinje ilipandwa nchi kavu. Mwaka 2017 Mikoko Pamoja ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na mfano wake ukaigwa kusini zaidi, huko Vanga.

Kina mama nao hawakubaki nyuma. Walijenga daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, ambalo mgeni hulipa ada kidogo na kutembezwa bila kutia mguu matopeni. Mgeni akitaka, hupikiwa samaki na wali wa nazi.  Daraja hili limewapa mlango wao wenyewe wa kujipatia riziki.

MAMBO YANAYOTATIZA

Tusidanganyane kwamba kila kitu ni asali. Bado wapo wanaoingia usiku na msumeno, kwani bei ya boriti mjini ni kishawishi kikubwa. Mto Mkurumudzi ulijengewa bwawa kwa ajili ya mgodi mkubwa wa madini ya titani uliokuwa huko juu Kwale na uliofungwa mwishoni mwa 2024. Kinachotendeka mtoni, kiwe kilimo, uchimbaji au kiangazi, ghuba hukihisi. Mwaka 1998 joto la bahari lilisababisha matumbawe mengi ya pwani yetu kupauka na kufa, na hatari hiyo haijaondoka.

Kisha kuna suala la kisiwa cha Chale. Kwa Wadigo hapo ni kaya, mahali patakatifu pa mababu. Katika miaka ya 1990 sehemu yake ilijengwa hoteli ya kitalii, jambo lililozusha manung'uniko mengi, ingawa sehemu nyingine ya msitu imebaki. Jirani yake, Kaya Kinondo, ilipata bahati njema zaidi, kwani ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizoandikishwa kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Pwani moja, misitu miwili mitakatifu, na majaaliwa mawili tofauti. Swali linalobaki kwa watu wa Gazi ni lile lile alilokuwa nalo Shehe Mbaruk: nani ana neno la mwisho juu ya pwani hii, mwenyeji au mgeni mwenye nguvu?

UKIAMUA KWENDA

Kutoka Mombasa, vuka kivuko cha Likoni na upande matatu ya Msambweni au Lunga Lunga. Mwambie utingo akushushe Gazi. Mwenye gari anaweza pia kupitia barabara ya Dongo Kundu na kuepuka foleni ya feri. Kutoka barabara kuu hadi kijijini ni mwendo mfupi, na hapakosi bodaboda.

Tazama mwezi kabla ya kufunga safari. Ukitaka kuona mizizi, kaa na miche, nenda siku ya bamvua, ufike kabla ya saa nne asubuhi maji yakiwa yamepwa. Ukitaka kuona msitu ukiogelea, ngoja alasiri. Chukua kofia, maji ya kunywa na viatu visivyojuta tope. Kijiji ni cha Kiislamu, basi vaa mavazi ya heshima, usipige watu picha bila ruhusa, na ukipita penye wazee barazani, anza wewe kwa salamu. Shikamoo moja hufungua milango mingi.

Wanafunzi wa jiografia watapata hapa mito, matumbawe, mawimbi na udongo katika matembezi ya siku moja. Wa historia watapata nyumba ya mtu aliyekataa kumtoa mgeni wake. Na mtoto mdogo asiyejali masomo yote hayo apewe mche mmoja wa mkoko, aelekezwe na wenyeji pahali panapofaa, auchomeke topeni kwa mkono wake. Kazi hiyo haimalizi hata dakika moja. Mti wenyewe, ukiachwa na shoka, utakuwa bado umesimama pale siku atakapomleta mwanawe kuuona.